Mmejuaje?

Mtoto aliyeuliza alikuwa wa darasa la tano, soksi moja imeshuka, daftari mkononi. Mbele yake kulikuwa na kasha la kioo, ndani yake nakala ya fuvu, na chini ya fuvu kibao kilichoandikwa miaka milioni 1.75. Wenzake arobaini na kitu walikuwa wananakili kibao kile neno kwa neno, maana mwalimu alishawaambia madaftari yatasahihishwa Jumatatu. Yeye akanyoosha mkono, akamwuliza muongoza wageni: "Mmejuaje?"

"Wataalamu walipima," akajibiwa. "Haya, tusogee, chumba kinachofuata."

Sitaitaja nyumba yenyewe ya makumbusho. Muongoza wageni alikuwa na makundi mengine mawili yakimsubiri getini, na sidhani kama kuna mtu aliyewahi kumpa jibu refu kuliko hilo. Mimi nilikuwa mjomba wa mtoto mwingine, nimeambatana na msafara kubeba maji na ndizi. Lakini swali lile sijaachana nalo mpaka leo. Kwa maoni yangu hilo ndilo sayansi nzima kwa neno moja, na nyumba nyingi zilizojengwa ili kuwafikishia watu sayansi zimepangwa kana kwamba hakuna atakayeliuliza.

Tuanze kwa kumjibu mtoto, maana jibu lenyewe ni tamu kuliko kibao.

Fuvu lile ni la Zinj, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu. Mary Leakey aliliona tarehe 17 Julai 1959 kwenye bonde la Oldupai, siku ambayo mumewe Louis alikuwa amelala kambini anaumwa. Wakalipa jina Zinjanthropus, kutokana na Zinj, jina ambalo Waarabu wa kale waliitia pwani yetu hii. Umri wake hawakuujua. Louis alikadiria miaka 600,000 hivi. Miaka miwili baadaye, mwaka 1961, yeye pamoja na Jack Evernden na Garniss Curtis wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley wakatangaza milioni 1.75. Karibu mara tatu ya alivyodhani.

Na hawakupima fuvu. Walipima majivu ya volkano ya tabaka lile lile. Ndani ya majivu hayo kuna potasiamu, na chembe chache za potasiamu huoza taratibu mno. Sehemu ya kinachozaliwa ni gesi iitwayo agoni. Volkano inapotapika, mwamba ukiwa bado uji wa moto, agoni yote hutoroka. Mwamba ukishapoa ukaganda, agoni inayozaliwa baada ya hapo haina pa kutokea. Ni kama ndoo tupu iliyowekwa chini ya bomba linalovuja. Ukijua bomba linadondosha matone mangapi kwa saa, kisha ukapima maji yaliyomo, utajua ndoo iliwekwa saa ngapi hata kama wakati huo ulikuwa umelala.

Ndoo, bomba na saa ya ukutani. Vitu hivyo vitatu vingekaa pembeni ya kasha, mtoto akapiga hesabu yake mwenyewe. Na yule mkorofi ambaye hakosekani darasani angeuliza: je, kama ndoo ilitoboka? Kama haikuwa tupu tangu mwanzo? Hayo ndiyo maswali wanayoulizana wapimaji wenyewe. Agoni ikivuja, umri unatoka mdogo kuliko ulivyo; ya zamani ikibaki ndani, umri unatoka mkubwa. Mkorofi wetu angekuwa amefika mlangoni mwa maabara bila kupanda ndege.

Au chukua kile kiungo kinachowashangaza wengi kwenye fuvu la Zinj, ukingo wa mfupa uliosimama utosini kama kishungi cha jogoo. Nimesoma vibao vya Kiswahili vinavyoueleza kwa maneno ambayo hata mwandishi wake, nadhani, hawezi kuyarudia bila kusoma. Kumbe inatosha kumwambia mgeni: weka vidole viwili kwenye panja, pembeni ya jicho, halafu tafuna. Unausikia msuli unavyocheza? Huo wa kwako unaishia ubavuni mwa kichwa. Wa Zinj ulipanda mpaka utosini, na ule ukingo ndio ulioushikilia, kwa sababu huyu alikuwa mtu wa magego makubwa na vyakula vigumu. Hakuna umeme unaohitajika hapo, wala wafadhili. Kila mgeni amekuja na kifaa chake kichwani.

Aliyelichukulia jambo hili kwa uzito kuliko wote alikuwa mfugaji wa ng'ombe. Kabla ya ng'ombe, Frank Oppenheimer alikuwa mwanafizikia, mdogo wake yule Robert aliyeongoza maabara ya bomu la atomiki. Mwaka 1949 Frank alipoteza kazi yake ya chuo kikuu Marekani kwa sababu aliwahi kuwa mwanachama wa chama cha kikomunisti. Vyuo vikamfungia milango, akahamia Colorado kufuga. Baadaye sekondari ya mji mdogo wa Pagosa Springs ikamwomba afundishe sayansi, naye akawa akiwapeleka wanafunzi dampo, wanafungua magari mabovu na kusomea humo joto, umeme na mitambo.

Mwaka 1969 akafungua Exploratorium, makumbusho ya sayansi jijini San Francisco, ndani ya jengo kubwa lililobaki kutoka maonyesho ya mwaka 1915. Karakana hakuificha nyuma. Aliiweka mahali ambapo mgeni anayeingia anawaona mafundi wakikata, wakichomelea na kukosea. Akaajiri vijana wa sekondari wawe wafafanuzi, akiamini kwamba mtu aliyejifunza jambo juzi hukumbuka vizuri lilimchanganya wapi. Vifaa vilipokamilika, maelekezo ya kuvitengeneza yalichapishwa ili mwingine yeyote avinakili. Na alikuwa na msemo wake kwamba hakuna mtu aliyewahi kufeli makumbusho.

Hapo nikawakumbuka wale watoto arobaini na kitu na Jumatatu yao. Wao wanaweza kufeli.

Moja ya shughuli zinazojulikana sana pale ni kupasua jicho la ng'ombe mezani, mbele ya watu. Niliposoma habari hiyo nilicheka, kwa sababu San Francisco lazima waliagize, wakati mimi nina bucha hatua mia mbili kutoka nyumbani. Nikaenda na mpwa wangu saa moja asubuhi, kichwa kikiwa bado hakijachukuliwa na wapika supu. Muuza nyama akanitazama vile unavyomtazama mtu unayemshuku mambo ya kiganga, lakini nilipomwambia ni la kujifunzia, kisu akakishika mwenyewe.

Kwanza alitoa mafuta na minofu inayolizungusha jicho. Sehemu nyeupe ni ngumu kuliko unavyofikiri, kisu kinateleza kama kwenye mpira wa gari. Akakata kuzunguka, maji kidogo yakaruka, kisha ukatoka ute mzito kama uteute wa yai. Ndani ya ute ndimo lenzi ilimo: kitu cha ukubwa wa gololi, kimebonyea kidogo, angavu. Tuliiweka juu ya gazeti la kufungia nyama. Herufi zilizo chini yake zikakua. Mpwa wangu akaisogeza neno kwa neno, anasoma bei ya mahindi ya wiki iliyopita. Ukutani mwa jicho, upande wa nyuma, kuna utando mwembamba ulioshikwa mahali pamoja tu, pale mshipa wa kwenda kwenye ubongo unapotokea. Ukiusukuma pembeni unakutana na rangi ya buluu na kijani inayong'aa kama ganda la chaza. Hiyo ndiyo inayofanya macho ya ng'ombe yawake usiku ukimmulika na tochi. Inairudisha nuru ili ipite mara ya pili.

"Na langu liko hivyo?" muuza nyama akauliza. Nikamwambia yote isipokuwa ile rangi, sisi hatunayo. Akaonekana kusikitika kidogo. Miaka ishirini ya kuuza vichwa, alisema, na hajawahi kulifungua hata moja.

Sitaki nieleweke kwamba dawa ni kugusa. Kugusa kumeuzwa sana. Oskar von Miller, aliyeanzisha Deutsches Museum jijini München mwaka 1903, alikuwa miongoni mwa waliowaruhusu wageni wazungushe mikono ya mashine na kubonyeza vitufe, na lilikuwa jambo la kimapinduzi. Lakini kitufe kikaenea duniani kote bila lile wazo lililokizaa. Nenda popote penye ukumbi wa vitufe siku ya safari za shule uone: mtoto anabonyeza, taa inawaka, tayari ameshakimbilia kingine, mkono umenyooshwa. Kitufe kina jibu moja, lililopangwa na mwenye nyumba. Hakina tofauti kubwa na kibao. Ni kibao chenye umeme.

Lenzi ya ng'ombe ni kitu kingine. Unaweza kuiweka kwenye gazeti, kwenye vidole, ukaitazamia dirisha ukaona mti umepinduka miguu juu, na hakuna aliyekuandikia ufanye hivyo. Hicho ndicho kipimo changu: je, mgeni anaweza kukifanya kifaa kifanye jambo ambalo aliyekitengeneza hakulipanga?

Halafu kuna suala la vifaa kuharibika, ambalo wafunguzi wa majengo hawalipendi. Kifaa cha kushikwa na watoto mia tano kwa siku kitakufa. Pasipo na karakana, baada ya miaka miwili nusu ya ukumbi ina karatasi zilizobandikwa "Mbovu", na somo analoondoka nalo mtoto ni kwamba sayansi ni kitu kilichoharibika kinachosubiri fundi kutoka nje. Karakana ya Oppenheimer ilikuwa mlangoni kwa sababu hiyo pia. Gerezani, Dar es Salaam, kuna mafundi wanaotengeneza mashine ya kukoboa kwa kuiangalia nyingine. Sioni kifaa cha ukumbi wa sayansi ambacho kingewashinda kukirudishia uhai.

Mfano wa nyumba inayokubali kusahihishwa, na papo hapo ina deni la jibu, uko Berlin, na mzigo wake ulitoka Lindi.

Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa katika kilima cha Tendaguru, bara ya Lindi. Vita vya Majimaji vilikuwa vimemalizika juzi tu, na njaa yake ilikuwa haijasahaulika. Wachimbaji walikuwa watu wetu, mamia, wengine wamehamia pale na familia zao. Mifupa ilifungwa ikabebwa kwa miguu mpaka bandarini Lindi, kwa siku kadhaa porini, zaidi ya tani 200 kwa jumla. Miongoni mwake ndimo ulimotoka mnyama ambaye leo anasimama katika makumbusho ya viumbe ya Berlin, urefu wa mita 13.27 kwenda juu, aliyeishi takriban miaka milioni 150 iliyopita. Sisi tunamwita mjusi. Si mjusi, ni dinosaria, lakini jina limeshakaa.

Alipofunguliwa kwa umma mwaka 1937 alikuwa anaburuza mkia, na miguu yake ya mbele imepinda viwiko kama kenge. Mwaka 2007 alifunguliwa upya: miguu imenyooka, mkia uko hewani. Kilichobadilika si mifupa. Katika sehemu nyingi za dunia zimepatikana nyayo za wanyama wa jamii hiyo zilizogandia kwenye mwamba, na mkia unaoburuzwa wa mnyama mkubwa vile ungeacha mfereji katikati ya nyayo. Mifereji hiyo kwa kawaida haipo. Hata jina limebadilika, kutoka Brachiosaurus kwenda Giraffatitan, baada ya wataalamu kuulinganisha mfupa mmoja mmoja na wale wa Amerika. Napenda sana kisa hiki, kwa sababu mgeni anaona nyumba kubwa ikikiri kwamba kwa miaka sabini ilimsimamisha mnyama vibaya, na anaelezwa nini kilichoifanya ibadili mawazo. Watu huogopa kwamba umma ukiona wanasayansi wanabadilika utaacha kuwaamini. Mimi naona kinyume chake: anayebadilika bila kueleza sababu ndiye anayetia shaka.

Lakini "mmejuaje" ina nusu ya pili: nani alijua? Aliyewasimamia wachimbaji wa Tendaguru alikuwa Boheti bin Amrani, mtu aliyejifunza kuutoa mfupa ardhini bila kuuvunja na kuufundisha mkono wa wengine. Kwa miongo mingi majina yaliyotamkwa kwenye ukumbi ule yalikuwa ya wakuu wa msafara ule tu, Wajerumani Werner Janensch na Edwin Hennig. Katika miaka ya karibuni watafiti wa Berlin wenyewe wameanza kuiandika historia hiyo waziwazi. Ndivyo ilivyo pia kwa Kamoya Kimeu wa Kenya, ambaye mwaka 1984, kando ya mto mkavu wa Nariokotome, aliona kipande kidogo cha fuvu katikati ya kokoto za rangi ile ile. Kipande hicho ndicho kilicholeta kile kiunzi cha kijana wa Turkana cha miaka kama milioni 1.5 kinachowavuta watu Nairobi. Ningependa kuona sinia la kokoto mbele ya kiunzi kile, na mfupa mmoja umefichwa humo. Mgeni apewe dakika tano autafute. Akishindwa, ndipo asome jina la Kimeu. Atalisoma kwa heshima nyingine.

Je, mjusi arudi? Swali hilo limefika hadi bungeni na litafika tena. Binafsi naona tumebishana sana kuhusu mifupa iliyoko Berlin, na kidogo mno kuhusu Lindi, ambako mtoto anaweza kumaliza shule bila kuambiwa chochote kuhusu kilima kilicho mkoani kwake.

Na Lindi ndiko nilikoona ukumbi bora wa sayansi kuliko yote niliyowahi kuingia. Viwanja vya Ngongo, wiki ya Nane Nane. Hakuna aliyeviita hivyo. Kuna vumbi, muziki umefunguliwa kupita kiasi, na watu wanauza sufuria. Lakini pita kwenye vipando. Mzee mmoja wa korosho alisimama mbele ya mtaalamu kijana aliyekuwa anaeleza habari za ubwiriunga, ule unga mweupe unaokausha maua ya mikorosho, na jinsi ya kupulizia salfa. Mzee akasikiliza, akaangalia picha mbili za miti.

"Huu mmepulizia. Huu hamkupulizia?"

"Ndiyo, mzee."

"Na yote ni ya shamba moja? Umri mmoja?"

"Shamba moja, mzee."

"Mwaka ule mvua ilichelewa kwetu. Na kwenu?"

Maswali matatu. Chuo kikuu wanayafundisha kwa muhula mzima, kwa majina mazito, jinsi ya kuhakikisha kwamba kilicholeta tofauti ni dawa yenyewe wala si kitu kingine. Mzee aliyapata kwa kupoteza korosho. Hakwenda pale kuelimishwa. Alikwenda kumhoji mtu, na yule kijana, kwa sifa yake, alihojika. Alipobanwa kwenye swali la mvua akasema mwaka ule hakuwapo, akamwita mwenzake. Nadhani hapo ndipo mzee alipoanza kuandika.

Zipo juhudi nyingine nchini. Tanga kuna bustani ya sayansi ambako watoto wanashika vitu kwa mikono yao, na Young Scientists Tanzania huwakusanya wanafunzi wa sekondari wakiwa na tafiti zao wenyewe. Johannesburg kuna Sci-Bono, ndani ya jengo la zamani la umeme. Sisemi tunaanza na sifuri. Ninachosema ni kwamba tukifikiria "kituo cha sayansi" mara moja tunaona jengo la vioo na mfadhili, wakati Ngongo inatuonyesha kwamba kinachohitajika kwanza ni mtu aliyejiandaa kuulizwa.

Najua nitaambiwa bajeti. Sawa. Ndoo na bomba tulishaziona bei yake, na jicho la ng'ombe nililipata bure. Gharama ni watu, na watu wapo: kila mwaka kuna vijana waliomaliza kidato cha sita mwezi Mei ambao vyuo havitawapokea mpaka Oktoba au baadaye. Wape wiki mbili za mafunzo, posho ya nauli na chakula, na ruhusa ya kusema "sijui, tuangalie." Hiyo ruhusa ndiyo ngumu kuliko posho, kwa sababu muongoza wageni wetu amelelewa kuamini kwamba kutojua ni aibu ya ofisi.

Na Ngongo yenyewe hukaa tupu kuanzia katikati ya Agosti. Ningeanzia hapo. Mfupa mmoja wa yule mnyama wa Tendaguru, wa mguu wa mbele, kutoka bega hadi kiwiko, una urefu wa mita 2.13. Fundi wa kuchomelea wa Lindi mjini anaweza kuutengeneza kwa bomba na wavu, ukapakwa saruji, ndani ya wiki moja. Usimamishwe uwanjani, bila kioo, kando yake futi ya kupimia iliyofungwa kwa mnyororo na jina la Boheti bin Amrani. Mlango wa kawaida wa nyumba zetu una mita mbili. Mtoto apime mwenyewe kama mfupa ule ungepita.